Nyayo Nyuma ya Banda

Watu wa mtaa walimwita Kiguu, kifupi cha Kiguu na Njia. Alikuwa fundi viatu, na ushonaji viatu ni kazi ya kukaa. Lakini kukaa kwenyewe kulimshinda. Alishona soli nusu, akasimama, akachungulia barabarani, akaketi, akasimama tena. Wateja wake walimzoea. Walisema, "Kiguu akikutengenezea viatu, vyake vitakwisha kabla ya vyako."

Wiki hiyo alizidi. Sababu ilikuwa mayai.

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho mtaani. Mbele palikuwa na kibaraza, na hapo ndipo alipofanyia kazi. Nyuma palikuwa na banda la kuku, kisha ua wa miti mikavu, kisha pori dogo. Bomba kubwa la maji lilipita katikati ya pori hilo.

Mkewe, Mama Kitinda, alifuga kuku saba. Mmoja wao, wa kijivu, alitaga mayai kumi na moja, akaanza kuyaatamia. Mama Kitinda alimtengenezea kiota kwenye kona ya banda. Binti yao, Kitinda, alikuwa darasa la tatu. Vifaranga havijaanguliwa, yeye alikwishavipa majina vyote.

Jumatatu mayai yalikuwa tisa. Jumatano yalikuwa sita. Ijumaa mchana yalibaki manne.

Kitinda alilia. Mama Kitinda hakulia. Alinyamaza tu, na Kiguu aliuogopa ukimya wa mkewe kuliko kilio.

"Nimelizunguka banda mara tisa leo," Kiguu alisema.

"Unatazama nini unapozunguka?"

"Namtazama mwizi."

"Umemwona?"

"Bado."

"Basi umezunguka bure," alisema Mama Kitinda.

Maneno hayo yalimkaa Kiguu kooni kama mwiba wa samaki. Aliacha nyundo, akaenda moja kwa moja hadi kwa jirani. Jirani huyo alikuwa mchomelea vyuma. Alikuwa na mbwa mkubwa wa rangi ya udongo, jina lake Askari.

"Jirani, nilikwambia Jumatano, mbwa wako anakula mayai yangu."

Mchomeleaji alivua miwani yake myeusi. "Umemwona akila?"

"Nani mwingine mwenye meno mtaa huu?"

"Hata wewe unayo, jirani."

Kiguu hakucheka. Mchomeleaji naye alikasirika. "Nimemfunga mnyororo tangu Jumatano, kwa sababu yako," alisema. "Siku nzima analia kama mtoto. Leo ni Ijumaa na mayai yamepotea tena. Sasa unataka nimfunge na nini?"

Kiguu aligeuka, akaondoka. Lakini mtu mwenye hasira akikosa jibu, haachi hasira. Anaibeba tu na kwenda nayo nyumbani.

Jumamosi asubuhi, Mama Kitinda alikwenda kuteka maji. Kiguu alifungia kuku wote bandani. Kisha akachukua chupa ya dawa ya kuulia wadudu wa mboga. Akakata nyama vipande vitano, akaviloweka katika dawa hiyo, akavipanga chini, kati ya banda na ua. Hakumwambia mtu.

"Nitamwambia mama watoto baadaye," alijisemea.

Akarudi kibarazani. Akachukua kiatu, akakiweka. Akachukua uzi, akausahau mkononi. Mkewe alirudi na maji, akaingia ndani. Kiguu alisikia mlango wa nyuma ukifunguka na kufungwa. Hakujua ni nani. Alitaka kwenda kutazama, lakini akaogopa kuulizwa anatazama nini.

Saa tatu hivi alifika Mama Bomba.

Mama Bomba aliajiriwa na mamlaka ya maji. Kila siku alitembea kando ya bomba, akitafuta mahali linapovuja. Alivaa buti za mpira na alibeba fimbo ya chuma. Kwa miaka kumi na miwili alipita porini kwa miguu, akiwa ameinamisha macho. Hakuna aliyejua vitu vya chini kama yeye.

Siku hiyo hakusalimia.

"Fundi, ile nyama nyuma ya banda ni yako?"

"Ni ya mwizi wa mayai," alijibu Kiguu.

"Inanuka dawa. Uliweka vipande vingapi?"

"Vitano."

Mama Bomba alimtazama. "Mimi nimeona vinne."

Uzi ulimwanguka Kiguu mkononi.

"Kitinda yuko wapi?" aliuliza. Akauliza tena kwa nguvu, na mkewe akatokea mlangoni.

"Alikuwa anacheza huko nyuma," alisema Mama Kitinda. "Kuna nini?"

Kiguu alimwambia. Alisema yote kwa pumzi moja. Mama Kitinda aliifunga kanga yake vizuri kiunoni, akatoka mbio akimwita mtoto.

Kiguu na Mama Bomba walikwenda nyuma ya banda. Ardhi ya hapo ilikuwa ya mchanga laini. Kiguu aliona kitu kimoja tu. Ilikuwa alama ya kandambili ndogo, pembeni kabisa ya mahali alipoweka kipande cha tano.

"Ni yake," alisema. "Soli hii nimeikata kwa mkono wangu. Kisigino cha kushoto kimelika upande wa nje. Ni mwanangu."

Alitaka kukimbia, ila hakujua akimbilie wapi. Akapiga hatua kulia, akarudi kushoto. Mama Bomba alimshika mkono kwa nguvu.

"Simama. Ukikanyaga hapa, utafuta habari yote."

"Dada, mwanangu..."

"Mama yake anamtafuta. Sisi tumtafute aliyechukua nyama. Inama. Nini kingine unakiona?"

Kiguu aliinama. Mwanzoni aliona kandambili tu. Kisha, polepole, akaona mistari midogo.

"Mguu wa ndege," alisema.

"Vidole vingapi?"

"Vitatu mbele. Kimoja nyuma."

"Kuku?"

"Kuku nimewafungia. Na hiki cha nyuma ni kirefu. Cha kuku ni kifupi."

"Vizuri. Sasa niambie, mguu wa ndege uko chini ya alama ya kandambili, au uko juu yake?"

Kiguu aliinama hadi pua ikakaribia kugusa mchanga. Kidole kirefu cha ndege kilikuwa kimeukata ukingo wa kisigino cha Kitinda. Kilikuwa kimeukanyaga.

"Uko juu," alisema.

"Maana yake?"

"Mtoto alipita kwanza. Ndege alikuja baadaye."

"Na ndege asingetua hapa kama hapakuwa na kitu cha kumleta," alisema Mama Bomba. "Tazama na hapa. Mchanga umefagiliwa pande mbili. Haya ni mabawa. Aliruka akiwa na mzigo mdomoni. Nadhani ni kunguru. Lakini kudhani hakutoshi. Twende alikoelekea."

Walivuka ua. Mama Bomba alitangulia, akitazama juu na chini. Hatua arobaini hivi kutoka bandani, chini ya mti wa miiba, walimkuta kunguru. Alikuwa amelala chali, miguu juu. Kipande cha nyama kilikuwa karibu naye, kimedonolewa upande mmoja.

Kiguu alikaa chini pale pale. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo alikaa bila kusimama mara moja.

Nyuma yao walisikia sauti. Mama Kitinda alikuwa amefika uani. Alikuwa amemshika Kitinda mkono, na mchomeleaji alikuwa akiwafuata.

"Alikuwa kwa jirani," alisema Mama Kitinda. "Ameketi na yule mbwa."

"Namwonea huruma," alisema Kitinda. "Amefungwa na hajafanya kitu."

Mama Bomba alipiga magoti mbele ya mtoto. Aliuliza kwa upole, bila kumtisha. "Mwanangu, uliiona nyama nyuma ya banda?"

"Niliiona, shangazi."

"Uliigusa?"

"Niliisukuma kwa kijiti. Nilitaka kumpelekea Askari. Lakini ilinuka kama dawa ya mboga, nikaiacha."

Mchomeleaji alimtazama Kiguu. Akamtazama kunguru. Akamtazama Kiguu tena.

"Hukutia kidole mdomoni?" aliuliza Mama Bomba. "Tumbo haliumi? Kichwa hakizunguki?"

"Hapana."

"Mama Kitinda, mwoshe mikono kwa sabuni na maji mengi. Kisha mpeleke zahanati, na chupa ya dawa uende nayo ili waione. Usingoje dalili. Kama aliigusa kidogo tu bila kujua, wao ndio watakaotambua."

Mama Kitinda aliondoka na mtoto. Alipompita mumewe alisema kwa sauti ya chini, "Uliweka sumu nyumbani kwangu bila kuniambia." Akaendelea na njia yake.

Kiguu alitamani angepigiwa kelele.

"Maji yamemwagika," Mama Bomba alimwambia. "Sasa tukaushe sakafu. Una mifuko ya plastiki?"

Alimwonyesha namna ya kufanya. Kiguu alivaa mifuko miwili mikononi. Akaokota vipande vyote, kimoja baada ya kingine, akihesabu kwa sauti. Akamwokota na kunguru.

"Kunguru wa nini?" aliuliza.

"Mwewe akimla, naye atakufa. Mbwa akimla, hivyo hivyo. Sumu haimjui mwizi, fundi. Inamuua yeyote mwenye mdomo."

Walichota pia mchanga uliolowa dawa. Vyote wakaviweka katika ndoo yenye kifuniko. Mama Bomba alimkataza kuvitupa chooni, na alimkataza kuvichoma, maana moshi wake nao ni sumu. Alimwambia avipeleke kwa bwana afya siku hiyo hiyo. Kiguu alikwenda, akasema ukweli, akakaripiwa kama mtoto wa shule. Alistahili, na alijua.

Aliporudi, alimkuta Kitinda nyumbani. Mganga wa zahanati alimpima na kusema ni mzima, ila wamwangalie hadi kesho. Mama Kitinda alikuwa akiosha vyombo. Hakugeuka.

Alasiri Mama Bomba alipita tena, kazi yake imekwisha. "Fundi, mwizi wako bado hajulikani," alisema. "Twende tukamtafute kwa macho. Kitinda, njoo. Wewe ndiye utakayekisia."

"Mimi sijui wanyama," alisema Kiguu.

"Nikikuletea kiatu, unajua mwenye nacho anatembeaje?"

"Najua. Nikikitazama kisigino tu najua kama mtu ana haraka au anaburuta mguu."

"Basi unajua kusoma. Umebadilishiwa kitabu tu."

Walianza ndani ya banda. "Mayai hupotea saa ngapi?" aliuliza Mama Bomba.

"Asubuhi naona yako sawa," alijibu Mama Kitinda, aliyekuwa amewafuata. "Mchana yamepungua. Huwa ni wakati kuku yule anapotoka kwenda kula."

"Kumbe mwizi wetu anakuja mchana. Kitinda, popo na bundi watoke kwenye hesabu, hao hutembea usiku."

Kwenye kona, chini ya ubao, palikuwa na shimo. Kitinda alitaka kulipima kwa mkono.

"La," alisema Mama Bomba. "Mkono hauingii kwenye shimo usilolijua. Huenda mna nyoka. Tumia kijiti."

Shimo lilikuwa na upana wa ngumi ya mtu mzima. Kiguu alilitazama sana. Kichwa cha Askari kisingepita hapo, hata pua tu kwa shida.

"Si mbwa," alisema polepole.

Nje ya shimo palikuwa na nyayo. Zilikuwa ndogo. Kifuniko cha chupa ya soda kingezifunika. Mbele ya vidole palikuwa na vitone, kama mtu amechoma mchanga kwa sindano.

"Kucha," alisema Kitinda.

"Ndiyo. Paka huficha kucha zake akitembea, kwa hiyo si paka. Kenge ana kucha, lakini huburuta mkia. Mnaona mstari wa mkia?"

Hawakuuona.

"Kucha hizi ziko mbali na vidole. Ni ndefu. Mwenye kucha ndefu hufanya kazi gani?"

"Huchimba," alisema Kiguu. Alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe imechangamka.

Walifuata nyayo hadi porini. Walikuta kinyesi kidogo cheusi. Mama Bomba alikipasua kwa kijiti, ndani mkang'aa vipande vya mabawa ya mende. "Kinyesi hakiguswi kwa mkono, lakini kina habari nyingi," alisema. "Huyu chakula chake ni wadudu. Mayai ameyaona tu, akayapenda."

Mbele kidogo palikuwa na jiwe kubwa. Chini yake yalitapakaa maganda ya mayai. Ubavu wa jiwe ulikuwa na ute mkavu.

Kitinda alichuchumaa. "Ameyapasua kwenye jiwe," alisema. "Lakini hana mikono. Ameyarushaje?"

"Hapo umeuliza swali la fundi," alisema Mama Bomba. "Kuna mnyama mmoja hushika yai kwa miguu ya mbele, akaligeuzia jiwe mgongo, akalirusha nyuma, kati ya miguu yake. Mdogo, mrefu, miguu mifupi, mkia..."

"Nguchiro," alisema Mama Kitinda.

"Nguchiro," alisema Mama Bomba. "Huishi kundi zima. Hula wadudu, panya, hata nyoka. Ukimuua, utawakaribisha panya na nyoka. Mfungie mlango tu."

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, Kiguu alikwenda kwa mchomeleaji. Alisimama mlangoni muda mrefu, akihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

"Jirani, nimekuja kuomba radhi. Nimemsingizia mbwa wako. Na leo nimekaribia kumuua. Kama si mtoto kunusa ile nyama..."

Mchomeleaji akaenda kumfungua Askari mnyororo. Mbwa alijinyoosha, akamwendea Kiguu, akamnusa viatu.

"Yeye amekusamehe haraka," alisema mchomeleaji. "Mimi nipe siku mbili tatu." Akaondoka, akarudi na fito za chuma. "Banda lako lina upana gani?"

Jumapili asubuhi wanaume wawili walifanya kazi. Mchomeleaji aliunga fremu ya mlango. Kiguu alichimba mfereji kuzunguka banda, kina cha mkono hadi kiwiko, akafukia humo wavu wa waya wenye matundu madogo. Shimo la kwenye kona alilijaza mawe. Mama Kitinda alikihamishia kiota kwenye sanduku la juu. Tangu siku hiyo mayai ya kula aliyaokota kila asubuhi, asiyaache bandani mchana.

Kazi ilipokwisha, Mama Bomba aliwachukua porini. "Mnataka kumwona mwizi? Sharti ni moja. Kukaa."

Waliketi nyuma ya kichaka, mbali kidogo na jiwe, upande ambao upepo ulitoka kwenye jiwe kuja kwao ili harufu yao isifike huko. Kitinda alitulia. Mama yake alitulia. Kazi ilikuwa kwa Kiguu. Mguu ulimwasha. Mgongo ukamwasha. Alitaka kwenda kutazama wavu, kutazama kibaraza, kutazama lolote. Dakika kumi zilikuwa kama mwezi wa Ramadhani. Mkewe aliweka mkono juu ya goti lake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumgusa tangu jana.

Majani yakatikisika.

Alitoka mmoja, akasimama kwa miguu miwili, akatazama huku na huku. Kisha wakatoka wengine, kumi na tatu, na watoto wanne nyuma yao. Walichimba, wakanusa, wakakimbia, wakarudi. Hakuna aliyetulia hata kidogo. Mmoja alianza shimo, akaliacha, akaanza jingine, akarudi kwenye la kwanza.

Mama Kitinda aliziba mdomo kwa kanga. Mabega yalimtikisika.

"Unacheka nini?" Kiguu alinong'ona.

"Ndugu zako hao."

Kiguu alijaribu kununa, akashindwa.

Hakuna yai lililopotea tena. Baada ya wiki moja na nusu, mayai manne yalitoa vifaranga vitatu. Moja halikuanguliwa. Kitinda alikuwa na majina kumi na moja ya vifaranga vitatu, kwa hiyo kila kifaranga kilipata zaidi ya moja.

Siku hizi kila Jumapili familia hiyo huenda porini, na mchomeleaji huenda nao mara nyingine. Huvaa viatu vya kufunika vidole. Hawalishi mnyama, hawamfukuzi, hawachukui kitu. Kitinda hubeba daftari na kuchora nyayo. Kila mmoja hukisia kwanza, kisha hutoa sababu. Kukisia bila sababu hakuhesabiwi. Kiguu ameshinda mara nyingi kuliko wote, na hasahau kuwakumbusha.

Jumapili iliyopita, kando ya bomba, palikuwa na unyayo mmoja kwenye tope. Ulikuwa mpana kuliko wa Askari. Hakukuwa na alama ya kucha, na vidole vilikuwa vinne. Mama Bomba aliinama, akautazama kwa muda mrefu. Akapima kwa fimbo yake.

"Huyu simjui," alisema.

"Miaka kumi na miwili, dada, na humjui?"

"Simjui. Kesho nitawaarifu watu wa wanyamapori. Leo turudi nyumbani, wote pamoja, na mtoto awe katikati."

Walirudi wakiwa wamekaribiana, bila kukimbia. Kitinda aliuchora unyayo ule kwa kukumbuka, akauzungushia duara. Kiguu hakula vizuri siku hiyo. Alichukua daftari, akaliweka, akalichukua tena.

"Keti ule," alisema mkewe.

"Vidole vinne, bila kucha," alisema Kiguu. "Na unyayo mpana. Mama Kitinda, hebu fikiri. Anaweza kuwa nani?"

Mama Kitinda alisogeza sahani pembeni, akavuta kiti chake karibu na daftari.